Mradi Unakwisha, Taarifa Zinabaki: Programu Huria na Mitandao ya Kijamii katika Kazi ya Amani

Mazungumzo yaliyotolewa Bel-Air, Lubumbashi, mbele ya wawakilishi wa vyama vya wanawake, vikundi vya vijana, makanisa na asasi zisizo za kiserikali



 Wengine mmetoka Katuba, wengine Ruashi, wengine komine ya Annexe ambako wakati wa mvua kufika mjini ni safari ya kweli. 

Tumeombwa kueleza jinsi asasi ndogo kama zetu zinavyoweza kutumia programu huria na mitandao ya kijamii. Sisi ni watu wa uwanjani. Hatukusomea ufundi wa kompyuta. Kazi yetu ni kusuluhisha migogoro ya parseli, ya familia na ya makabila, na kompyuta imetufuata humo humo kazini. Kwa hiyo tutasema tuliyoyaona sisi wenyewe, pamoja na yale ambayo wenzetu wa Kenya na Tanzania waliyafanya kabla yetu. Tutawataja vyombo vichache kwa majina yake. Lakini tunaomba kila mmoja wenu arudi nyumbani na swali moja: mradi ukikwisha, taarifa za watu wetu zinabaki mikononi mwa nani?

Programu huria ni nini?

Mnazijua baiskeli zinazoingia mjini zikiwa zimebeba magunia ya makala. Hakuna kiwanda kilichotengeneza baiskeli ya kubeba mzigo wa namna ile. Ni fundi wa barabarani aliyeongeza vyuma nyuma na kuimarisha magurudumu. Aliweza kwa sababu baiskeli inafunguka: kila nati inaonekana, na spea zinapatikana sokoni.

Programu huria ni kama baiskeli hiyo. Maandishi yake ya ndani, ambayo mafundi huyaita msimbo, yako wazi. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Programu iliyofungwa ni kama gari ambalo boneti yake ina kufuli na ufunguo uko kwa mwenye kiwanda. Linakwenda vizuri mpaka siku litakapoharibika, au siku ambapo ada haijalipwa.

Watu wengi wanadhani kwamba huria maana yake ni bure. Ni kweli kwamba nyingi za programu hizi hazina bei. Hata hivyo umeme una gharama, mega za intaneti zina gharama, mafunzo yana gharama, na kijana wa kuzitunza kompyuta anahitaji kula. Asasi inayochagua programu huria kwa sababu tu haina bei itakata tamaa mapema. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna mtu anayeweza kukunyang'anya.

Yaliyotupata

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mradi wa kuandikisha migogoro ya parseli. Mnajua jinsi parseli moja hapa Lubumbashi inavyoweza kuuzwa mara mbili, hata mara tatu, kila mnunuzi akiwa na karatasi yake mkononi. Mfadhili mmoja alitupatia mfumo wa kuhifadhi taarifa: majina ya wahusika, mashahidi, mipaka, na makubaliano yaliyofikiwa mbele ya shefu wa mtaa. Mfumo ulikuwa mzuri, na leseni yake ililipwa kutoka nje kwa muda wa mradi.

Mradi ulipokwisha, leseni nayo ikakwisha. Tulipoomba kuingia ili tuchukue taarifa zetu, tulijibiwa kwa heshima kwamba tunaweza kuendelea kwa kulipa ada kila mwezi, kwa dola. Ada ile ilikuwa kubwa kuliko kodi ya ofisi yetu.

Mwaka uliofuata akaja mama mmoja mjane. Mgogoro wake, tuliousuluhisha wakati wa mradi, ulikuwa umefufuka. Nakala yake ya makubaliano ilikuwa imelowa mvua na haikusomeka. Nakala yetu ilikuwa ndani ya mfumo. Ikabidi tuanze upya kuwatafuta mashahidi, na mmoja wao alikuwa amekwisha kufariki. Mama yule hakuwa na haja ya kujua leseni ni nini. Alichojua ni kwamba tulimwambia maneno yake yameandikwa na yatahifadhiwa.

Tangu siku ile, kila mfadhili anapotuletea chombo, tunamwuliza mambo matatu kabla ya kutia saini. Je, tunaweza kutoa taarifa zetu zote katika faili ya kawaida, siku yoyote tunayotaka? Je, chombo kitafanya kazi baada ya mradi kwisha? Je, kuna fundi wa hapa hapa Lubumbashi anayeweza kukitengeneza? Wafadhili wengi wamekubali. Wengine hata wametushukuru, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mifano kutoka kwa majirani na kutoka hapa kwetu

Mfano wa kwanza ni wa Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, mapigano yalizuka na watu zaidi ya 1,000 wakauawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalizuiwa. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari kwenye intaneti, alitoa wazo kwamba wananchi waweze kutuma habari za matukio ziwekwe kwenye ramani. Mnamo Januari 2008, yeye na wenzake Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda kwa siku chache tu tovuti iliyoitwa Ushahidi, neno letu la Kiswahili. Baadaye msimbo wake ukaachwa huria.

Kwa kuwa ulikuwa huria, haukubaki Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2008, vita vilipopamba moto Kivu ya Kaskazini, Ushahidi ilifunguliwa kwa ajili ya mashariki ya nchi yetu. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, wahaiti waliokuwa ng'ambo walisaidia kutafsiri ujumbe mfupi wa simu uliotumwa na ndugu zao, na habari zikaonekana kwenye ramani ya Ushahidi. Chombo kilichozaliwa Nairobi kikawasaidia watu wa ng'ambo ya bahari.

Lakini tusijidanganye. Mwaka 2008 watu wenye intaneti katika vijiji vya Rutshuru na Masisi walikuwa wachache mno. Chombo kile kile kilichofaa Nairobi hakikuweza kuwa na nguvu ile ile mahali ambapo mtu hupanda mlima kutafuta mtandao wa simu. Na ramani haimwokoi mtu ikiwa hakuna anayeiangalia na kwenda kumsaidia.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, na huenda wengi wenu hamuujui. OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na timu ya kibinadamu ya OpenStreetMap, walitaka kupata ramani ya kina ya Lubumbashi. Mgonjwa wa kipindupindu anapofika kituoni, ni lazima daktari ajue anatoka mtaa gani na anachota maji wapi. Daktari John Snow alikwisha kuonyesha jambo hilo London mwaka 1854, alipofuatilia mahali vifo vya kipindupindu vilipotokea akagundua pampu ya maji iliyokuwa chanzo.

Watu wa kujitolea walio nje ya nchi walikaa mbele ya kompyuta zao wakachora barabara na nyumba zetu kutoka kwenye picha za setilaiti. Lakini setilaiti haijui jina la avenyu. Ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipopita mitaani kwa miguu, wakiandika majina ya avenyu na ya mitaa. Mnamo Novemba 2014 mashirika hayo, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, yalitangaza rasmi mpango uitwao Missing Maps, na Lubumbashi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa kuchorwa.

Ramani ile ipo hadi leo. Hailipiwi. Sisi tunaichapisha kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani tunapozungumza na wakazi kuhusu visima, mifereji na njia za kupita. Watu wanasogea, wanaweka kidole, wanasema: "Hapana, hapa njia imefungwa, kuna mtu amejenga ukuta." Watu wasiotaka kutazamana usoni wanakubali kutazama karatasi moja. Tukirudi ofisini tunasahihisha ramani, na masahihisho yetu yanawafaa wote. Ila tunawakumbusha kila mara kwamba ramani hii si hati ya parseli. Mipaka ya kisheria iko kwenye ofisi ya kadastri, na mtu asije akaenda kwa jirani na karatasi yetu kumfukuza.

Mfano wa tatu ni wa Tanzania. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote, kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Aidha, mwaka 2010 kampuni iliyokuwa ikiisimamia OpenOffice ilinunuliwa na nyingine, na wengi wa watengenezaji waliingiwa na wasiwasi. Walichukua msimbo ule ule wakaendelea nao kwa jina jipya, LibreOffice. Mwenye mali alibadilika, lakini barua za watu hazikupotea. Hapo ndipo mnapoona maana ya kutokunyang'anywa.

Vyombo vya kazi ya kila siku

Tuvitaje sasa vile tunavyovitumia, kwa kifupi.

Kwanza, kompyuta yenyewe. Katika ofisi nyingi tunakuta Windows ya kunakiliwa, isiyo na leseni na isiyopata masahihisho, imejaa virusi vinavyohama kwa flashi kutoka mashine hadi mashine. Ripoti ya miezi sita inapotea kwa usiku mmoja. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni halali, na inasahihishwa bila malipo. Jina lake ni lile neno ambalo Waluba huliita bumuntu na Waswahili utu. Kwa mashine za zamani kuna ndugu zake wepesi, kama Lubuntu na Xubuntu.

Pili, kukusanya taarifa. KoboToolbox ilijengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliofanya kazi Uganda ya Kaskazini na hapa Kongo, wakiuliza watu waliopitia vita juu ya amani na haki. Unatengeneza fomu, unaiweka kwenye simu, unakwenda kijijini hata kama hakuna mtandao. Majibu yanakaa ndani ya simu mpaka utakaporudi mahali penye mtandao. Kuna kiwango cha matumizi ya bure, na taarifa zako unaweza kuzitoa zote katika jedwali la kawaida. Msimbo wake uko wazi, hivyo asasi yenye uwezo inaweza kuuweka kwenye seva yake yenyewe.

Tatu, sauti. Wengi wa watu wetu wanasikiliza kuliko wanavyosoma. Kwa programu ya Audacity tunahariri vipindi vya dakika tatu kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, kile cha sokoni, na tunavipeleka kwenye redio za mtaa na kwenye simu. Hakuna haja ya studio. Chumba chenye mapazia mazito na simu nzuri vinatosha.

Nne, maktaba bila intaneti. Kiwix inaweka Wikipedia nzima kwenye kompyuta au simu, na baada ya hapo hakuna mega inayotumika. Vikundi vya amani vya shuleni vinaifurahia sana.

Mitandao ya kijamii: moto na maji

Sasa tuje kwenye mitandao ya kijamii. Hapa tuseme wazi kwamba WhatsApp na Facebook si programu huria. Ni mali ya kampuni moja ya Marekani, na kesho inaweza kubadilisha masharti. Tunazitumia kwa sababu watu wetu wako humo. Mhubiri huenda sokoni hata kama soko si lake.

Hatari yake tunaijua sisi watu wa Katanga kuliko wengi. Miaka ya 1992 na 1993, wakati mkoa ulikuwa ukiitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na kwingineko. Familia zililala kwenye stesheni ya Likasi zikisubiri treni, na watoto wakafa pale kwa njaa na maradhi. Wakati ule hapakuwa na simu ya mkononi mfukoni mwa kila mtu. Maneno ya chuki yalisafiri kwa mikutano na kwa midomo. Leo neno kama lile linafika Kolwezi kabla mwenye kulisema hajamaliza kunywa chai yake. Wazee waliobeba mizigo yao mwaka ule bado wako hai, na waliowaona wakiondoka bado wako hai. Ndiyo maana hatuchezi na uvumi.

Tuwape mfano mmoja. Siku moja ulizunguka ujumbe wa sauti uliosema kwamba watoto wametekwa karibu na shule moja, na ukataja kabila la watekaji. Kufika saa sita mchana kijana mmoja muuza unite za simu, mgeni katika mtaa, alikuwa amezungukwa na watu. Mjumbe wetu hakuanza kuandika kwenye vikundi. Alimpigia kwanza mama mkuu wa shule, kisha papa shefu wa mtaa. Mama mkuu akarekodi kwa sauti yake mwenyewe kwamba watoto wote wamo darasani, wamehesabiwa. Papa shefu akafika pale na simu, akaicheza sauti ile mbele ya watu. Wazazi waliijua. Mduara ukalegea, na kijana akaondoka na kasha lake la unite, miguu ikimtetemeka.

Tangu hapo tunafuata taratibu hizi, na tunawashauri nanyi mzifuate:

1. Usijibu uvumi kabla ya kumpata mtu aliye mahali penyewe. Simu moja kwa mkuu wa shule au muuguzi wa zamu ina thamani kuliko vikundi kumi.

2. Usirudie uvumi unapoukanusha. Ukisambaza ile sauti ya kwanza ukiongeza tu kwamba ni uongo, umeisambaza.

3. Jibu kwa sauti ya mtu anayejulikana mtaani, katika lugha ile ile iliyobeba uvumi. Tangazo la Kifaransa lenye muhuri haliizimi sauti ya Kiswahili.

4. Kuwe na mjumbe mmoja wa kila jamii katika kila kikundi. Maneno ya kutuliza yanayotoka upande mmoja tu husikika kama utetezi.

5. Kabla ya kusambaza, hesabu mpaka kumi. Mwaka 2019 WhatsApp yenyewe iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ikapunguza ujumbe uliokwisha kusambazwa sana hadi mahali pamoja. Kampuni imeona hatari, sisi je?

Siku mtandao unapokatwa

Ndugu zetu, kuna jambo ambalo vitabu vya mafunzo kutoka nje mara nyingi havilitaji. Baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011, serikali iliamuru ujumbe mfupi wa simu ukatwe nchi nzima, na ulikatwa kwa wiki kadhaa. Hata viziwi, ambao ujumbe mfupi ndiyo sauti yao, walinyamazishwa. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ilikatwa tena, mpaka karibu siku ya ishirini ya Januari 2019.

Tazameni tarehe hizo. Ni siku zile zile ambazo kazi yetu inahitajika zaidi. Asasi iliyoweka tahadhari yake yote kwenye intaneti itakuwa kipofu siku ya hatari.

Kwa hiyo kila chombo cha mtandao kiwe na ndugu yake asiyehitaji mtandao. Sisi tuna orodha ya simu iliyoandikwa kwa mkono, kila mjumbe akijua watu watano wa kuwapigia kwa sauti. Tuna mahali pa kukutana panapojulikana ikiwa simu zote zimekufa. Tuna uhusiano na redio, kwa sababu redio ndogo ya betri bado inasikika. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutangaza pia kwa Kiswahili. Na tunayo makanisa na misikiti, ambayo haijawahi kukosa mtandao.

Jina la mtu ni roho yake

Tunafika mahali pagumu. Tumesema taarifa zibaki mikononi mwetu. Basi na wajibu nao unabaki mikononi mwetu.

Mnamo Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wavamizi wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na familia zao kwa vita na uhamiaji. Hilo ni shirika kubwa, lenye mafundi wengi. Sisi tuna kompyuta mbili na mlango wa mbao.

Fikirini daftari letu la upatanishi likisomwa na mtu mbaya: nani alitoa ushahidi juu ya mauaji, mama yupi alisema alibakwa na nani, mchimbaji yupi wa kobalti alitaja jina la askari aliyemtoza pesa. Katika nchi yetu orodha ya majina imewahi kuwa orodha ya watu wa kufukuzwa. Kwa hiyo ramani ya visima tunaiweka wazi kwa dunia nzima, lakini ramani ya mashahidi haichorwi kamwe. Uhuria ni wa programu. Siri za watu si huria.

Taratibu zetu ni hizi. Hatuandiki kabila la mtu isipokuwa mgogoro wenyewe unalazimu. Majina yanakaa kwenye daftari moja lililofungwa, na kwenye kompyuta tunaweka namba tu. Picha ya mtoto haitumwi kwenye kikundi chochote, hata kwa nia njema ya kumwonyesha mfadhili. Mazungumzo nyeti tunayafanya kwa Signal, ambayo ni huria na hufunga ujumbe kutoka simu hadi simu, tukiweka ujumbe ujifute wenyewe. Na tunamwomba mtu ridhaa kwa lugha yake kabla ya kuandika, tukimweleza kwamba anaweza kukataa na bado tutamsaidia.

Hili si hisani tu. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Ordonansi-Sheria namba 23/010, ile inayoitwa Code du numérique, ambayo inalinda taarifa binafsi za watu. Asasi zetu nazo zinahusika. Ni vizuri kila chama kimwombe mwanasheria mmoja wa kujitolea akisomee sehemu hiyo.

Tuanzie wapi?

Msirudi mkanunue kitu. Juma hili, kaeni kikao kimoja na mwandike kwenye karatasi: tunazo taarifa gani za watu, ziko wapi, nani ana ufunguo, na nani atakuwa nao mradi ukikwisha. Chama kimoja cha akina mama tulichokitembelea kiligundua kwamba orodha yao yote ya akiba na mikopo ilikuwa kwenye simu ya katibu peke yake, na katibu alikuwa akijiandaa kuhamia Kolwezi.

Mwezi ujao, chagueni chombo kimoja tu. Wenye ripoti nyingi waanze na LibreOffice, wenye utafiti waanze na KoboToolbox, wenye uvumi mtaani waanze na orodha ya simu na sauti za watu wanaojulikana. Fundisheni watu wawili, si mmoja, na mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu mara nyingi kijana wa kiume akishajua kompyuta hupata kazi mgodini na kutuaga.

Na kila Ijumaa, wekeni nakala ya akiba kwenye diski inayolala nyumba nyingine. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu umeua kompyuta nyingi hapa mjini kuliko virusi.

Ofisi yetu ya Bel-Air iko wazi kila Jumatano mchana kwa yeyote anayetaka kuwekewa programu hizi. Njooni na mashine zenu, hata zile nzito za zamani. Hatutozi. Tunachoomba ni kwamba utakachofundishwa hapa, ukamfundishe na mwenzako wa komine nyingine, kwani hivyo ndivyo programu hizi zilivyotufikia na sisi.

 Sasa tunayapokea maswali yenu.